Saa za Nyundo

Sheria ya mji ilikuwa nzuri kabisa kwa watu wanaolala usiku. Ilisema nyundo, msumeno na mashine ya zege zisisikike kabla ya saa moja asubuhi wala baada ya saa kumi na mbili jioni, na Jumapili zinyamaze siku nzima. Aliyeitunga hakuwahi kufanya kazi zamu ya usiku. Nicanor Barasa wa nyumba namba arobaini na saba, Walukuba, Jinja, alitoka kiwanda cha nguo saa kumi na mbili unusu, akafika kwake saa moja kasoro dakika chache, akavua viatu, akaweka kichwa kwenye mto. Nyundo ya kwanza ikapigwa hapohapo.

Sauti za nyundo zilitoka katika uwanja ulio kati ya safu mbili za nyumba, mahali ambapo zamani watoto walicheza mpira. Kapteni mmoja wa kambi ya jeshi alikuwa anajenga hapo nyumba ya ghorofa, na hakuna aliyemwuliza nani kampa uwanja. Wanawake thelathini waliketi chini nyuma ya uzio wa mabati wakiponda kokoto tangu asubuhi hadi jioni. Sauti ya mashine mtu huizoea, lakini nyundo thelathini zisizokwenda pamoja hazizoeleki. Nicanor alikuwa akilala nusu saa, anaamka, anageuka, anatukana kimyakimya, analala robo saa. Aliwahi kujaribu kulala chini ya kitanda. Siku moja alikwenda kulala kanisani, kwenye benchi la nyuma, katekista akamwamsha kwa ufagio akidhani ni mlevi.

Asingekuwa na jambo jingine angevumilia. Lakini alikwisha kusinzia mara mbili mbele ya mashine. Mara ya kwanza yadi arobaini za kitambaa ziliharibika, na Mutwalibu, msimamizi wa zamu, akampa barua ya onyo. Mara ya pili Mutwalibu alimpa barua ya pili, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ya tatu haitaandikwa na yeye. Ilikuwa mwaka 1976. Kitambaa kikiharibika hakikuitwa tena ajali, kiliitwa hujuma ya uchumi, na waliosikiliza kesi za hujuma walivaa magwanda. Na huyu alikuwa Mkenya, katika mwaka ambao redio iliwataja Wakenya kila jioni, na si kwa wema. Basi Nicanor alikuwa na kazi moja tu maishani, nayo ni kulala. Akishindwa kulala mchana, usiku mmoja atasinzia, na asubuhi yake hatarudi nyumbani.

Mkewe, Orpah, alijua hayo yote. Kila asubuhi alimfunikia dirisha kwa blanketi, akamwandalia uji, akambeba binti yao Oliver hadi shule, kisha akaaga kwamba anakwenda kwenye kishamba chake kando ya reli.

Hakuwa na kishamba kando ya reli. Alikuwa mmoja wa wale wanawake thelathini.

Msimhukumu haraka. Mshahara wa Nicanor ulikuwa ukinunua mche wa sabuni na chumvi, basi. Cleophas, nyapara wa saiti ile, alikuwa Mkenya mwenzao, na alimpa Orpah nafasi kwa kumhurumia. Siku za kwanza Orpah aliketi pembe ya mbali kabisa na nyumba yake, akashika jiwe katika duara lake la mpira wa tairi ili vipande visiruke, akaligonga polepole. Cleophas alisimama juu yake akamwambia kokoto haipatikani kwa kubembeleza. Tangu hapo alipiga kama wengine. Jioni alijiosha vumbi kwenye bomba la umma, akachuma mboga kidogo za porini ili arudi na kitu cha kuonyesha. Kila alipomkuta mume wake ameketi kitandani, macho mekundu, akimwuliza kama kule relini angalau kuna utulivu, alitamani ardhi immeze. Hata hivyo kesho yake alirudi kuponda.

*

Geresom Mugweri alikaa namba arobaini na tano. Alikuwa karani katika ofisi ya mji, Msoga mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, na ndiye aliyemsimamia Oliver ubatizo. Wakati redio ilipoanza kuwataja Wakenya, majirani kadhaa walipunguza salamu, lakini Geresom aliongeza. Alikuja hadharani, akaketi mlangoni kwa Nicanor, akanywa chai isiyo na sukari mbele ya watu wote. Nicanor alimpenda kuliko ndugu zake wa kuzaliwa nao, na alisema hivyo mara nyingi.

Ni Geresom aliyeleta habari kwamba sheria ya nyundo ina mlango. Alisema kuna kifungu cha zamani kinachowaruhusu wakazi wa eneo moja kuomba saa zibadilishwe, mradi nyumba zaidi ya ishirini zitie sahihi. Wafanyakazi wa zamu ya usiku walikuwa wengi Walukuba. Waombe ujenzi uanze saa kumi jioni, uishe saa nne usiku. Wakati huo wao watakuwa macho au kazini, na mchana watalala.

Tatizo lilikuwa sahihi. Nani aandike jina lake la kwanza juu ya barua inayomlalamikia kapteni? Wanaume waliokusanyika kwa Geresom walitazama sakafu. Geresom akamtuma Orpah alete kifuniko cha sufuria. Akakiweka juu ya karatasi, akazungusha kalamu, likatokea duara safi. Akawaambia watie majina kuzunguka duara, kama watu walioketi kuzunguka sinia, ili asionekane wa kwanza wala wa mwisho.

"Hapa hakuna kichwa," Geresom alisema. "Wakitaka kukamata, wakamate Walukuba yote."

Watu walicheka kwa mara ya kwanza jioni ile. Nyumba ishirini na sita zilitia sahihi. Nangobi wa namba hamsini alitia kwa niaba ya mumewe aliyekuwa kazini. Nangobi naye alikuwa akiponda kokoto pale pale saitini, ubavuni mwa Orpah, na alipompa kalamu mwenzake wote wawili walitazama pembeni. Katikati ya duara Geresom aliandika ombi kwa mwandiko wake mzuri, likianza na maneno "Sisi tunaolala mchana." Nicanor alilisoma mara mbili. Alisema hajawahi kuona barua nzuri namna ile, na usiku huo alikwenda kazini akipiga mluzi.

*

Wiki mbili zikapita. Nicanor alikuwa akimwuliza Geresom kila jioni, na Geresom akijibu kwamba barua iko mezani kwa wakubwa, avute subira. Jumapili ya pili Geresom hakuja kunywa chai. Alisema ana mafua.

Jumatano, saa tatu asubuhi, nyundo zikanyamaza.

Nicanor alikuwa amelala chali, macho wazi. Alingoja zianze tena. Hazikuanza. Alisikia kuku, akasikia mtoto akilia mbali, akasikia maji yakidondoka kwenye ndoo, vitu ambavyo hakuwa amevisikia mchana kwa miezi minne. Akaelewa kwamba barua imejibiwa. Alisema asante Mungu, asante Geresom, akageukia ukutani, akalala usingizi mzito ambao mwili wake ulikuwa unaudai tangu Desemba.

Nyuma ya mabati, kapteni mwenyewe alikuwa amewasili. Aliteremka kwenye gari na askari watatu, akawaambia wanawake waweke nyundo chini. Hakufoka. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya taratibu, na mkononi alikuwa na karatasi. Alimwita Cleophas, akamwuliza namba arobaini na saba iko wapi, kwa maana namba nyingi milangoni zilikwisha kufutika. Cleophas alisema yeye analala Mafubira, nyumba za hapa hazijui. Kapteni akawageukia wanawake.

"Mimi nasikia watu ya hapa nakosa usingizi," alisema. "Mimi pia iko na watoto. Nataka ongea na huyu mzee ya arobaini na saba, tupange masaa. Nani najua nyumba yake?"

Orpah alimtazama Nangobi. Nangobi alikuwa anatazama mawe yake kwa bidii sana, na Orpah alidhani ni woga wa kawaida. Yeye mwenyewe moyo ulikuwa unamwenda mbio kwa furaha. Miezi minne amemwibia mume wake usingizi, na leo mwenye nyundo amekuja mwenyewe kuurudisha, tena kwa upole. Akasimama.

"Ni mume wangu, afande. Twende niwaonyeshe."

Alitangulia. Alisahau hata kujipangusa. Alifungua mlango, akaingia wa kwanza akiita jina lake kwa sauti ya habari njema, na Nicanor hakuamka. Askari wawili walimpita Orpah, wakamshika mume wake miguu na mabega, na hata hapo alichelewa kufumbua macho. Alipoyafumbua hakuwatazama askari. Alimtazama mke wake aliyesimama mlangoni na kapteni, vumbi jeupe la mawe limemjaa nywele, mikono na nguo, na mkononi, maana hakukumbuka kuiacha, ameshika nyundo.

Orpah aliona jinsi alivyoelewa. Alielewa jambo moja ambalo ni kweli, na papo hapo akaelewa la pili ambalo si kweli, na hakukuwa na nafasi ya kuyatenganisha.

"Ni wewe," Nicanor alisema.

Walimtoa akiwa na fulana na kaptura ya kulalia, wakamwingiza nyuma ya gari. Orpah alikuwa analia, anashika mkono wa kapteni, anamkumbusha kwamba amesema anataka kupanga masaa tu. Kapteni aliutoa mkono wake taratibu, akapangusa vumbi lililobaki kwenye pindo la mkono wa shati lake.

"Tutapanga," alisema.

*

Yaliyofuata kila mke wa wakati ule anayajua. Orpah alikwenda kituo cha polisi, wakamwambia hawana mtu wa jina hilo. Alikwenda lango la kambi, askari wa zamu akamwambia arudi kesho, na kesho yake mwingine akamwambia vivyo hivyo. Alisimama pale siku nne. Siku ya tano askari mmoja kijana alimwonea huruma, akamwambia mama usije tena hapa, hata wewe utaingia. Kiwandani Mutwalibu alisema jina la Nicanor limekwisha kufutwa kwenye orodha, akamwomba asimtaje yeye popote.

Walukuba hakuna aliyemjia. Si kwamba walikuwa wakali. Akipita bombani walimpisha mstari, wakamjazia ndoo, wakarudi nyuma. Alidhani kwamba hawathubutu kukaribia nyumba iliyoingiwa na askari, na aliwasamehe, kwa kuwa hata yeye pengine angefanya hivyo. Nangobi peke yake ndiye aliyejitolea kumlisha Oliver.

Jumatatu iliyofuata tangazo la ofisi ya mji lilibandikwa kwenye uzio wa mabati. Kuanzia siku hiyo ujenzi katika eneo lile utaanza saa kumi jioni na kuisha saa nne usiku. Orpah alilisoma akashindwa kulielewa. Wamekubali ombi, na wamemchukua aliyeomba. Tena hata huyo hakuomba peke yake, waliomba nyumba ishirini na sita kwenye duara lisilo na kichwa. Karatasi ile ikionekana, mtu yeyote mwenye akili ataona kwamba Nicanor si kiongozi wa lolote. Aliyeipeleka kwa wakubwa ni Geresom. Alikwenda kumgongea namba arobaini na tano, akakuta mlango una kufuli. Jirani wa upande wa pili alimwambia Geresom amehamishiwa Mbale, kapewa cheo, kaondoka Ijumaa.

*

Mbale alifika saa sita mchana, amepanda lori la mahindi. Alimpata Geresom katika ofisi yenye dirisha linaloutazama mlima Wanale, amevaa tai, ana meza yake peke yake. Geresom alimwona, akainuka, akafunga mlango kwanza ndipo akamsalimu. Alimwita shemeji, akamwuliza habari za mtoto, akamtolea kiti. Macho yake yalikuwa yamevimba kama ya mtu ambaye naye halali.

Orpah alimweleza alichofuata. Anataka ile karatasi ya duara. Ataipeleka kwa yeyote atakayeisikiliza, hata kwa askofu, hata kwa kapteni mwenyewe, waone majina yote. Geresom alizungusha kalamu mezani. Kisha akasema karatasi ile haipo. Ilichomwa.

"Nani aliichoma?"

"Mimi."

Akaanza kueleza, na kwa kuwa alikuwa amebeba jambo lile kwa muda, lilimtoka lote kwa pamoja. Kapteni aliipata barua kabla ya wakubwa kuijibu. Alimwita Geresom, akaiweka mezani, akasema saa za kazi hazimsumbui, kwake jioni au asubuhi ni mamoja. Kinachomsumbua ni raia kujifunza kwamba wakikaa pamoja wanaweza kumwandikia mwanajeshi barua, akatii. Akasema atabadilisha saa, lakini kwanza apewe mtu. Mmoja. Asipopewa, atawachukua wote ishirini na sita kwa kufuata duara, kuanzia anapotaka.

"Mimi nalia pale mbele yake, shemeji. Mungu najua. Yeye natoa karatasi ingine, naambia mimi: andika upya, weka jina moja."

"Na wewe ukaandika la Nicanor."

"Si mimi peke yangu." Geresom alishusha sauti. "Sisi tulikaa. Kwa Nangobi, Jumapili ile, nyinyi mko kanisa. Kila mtu naogopa. Huyu nasema ana watoto sita, huyu nasema mama yake ni mgonjwa. Tukaona, Barasa angalau ana kwao. Kenya si mbali. Tulifikiri watamfukuza tu, avuke mpaka pale Busia, arudi kwa watu yake. Sisi wengine tutavuka kwenda wapi?"

Orpah alikumbuka Jumapili ile. Walikuwa wamekaa benchi la tatu, Nicanor amesinzia begani mwake wakati wa mahubiri, na hakumwamsha. Huku nyuma watu ishirini na watano walikuwa wameketi kwa Nangobi wakikubaliana.

"Mume wangu alikuja hapa ana miaka tisa, Geresom. Mimi nimezaliwa Mpumudde. Baba yangu alichimba bwawa la umeme mpaka kifua kikamharibika, amezikwa hapo hapo Jinja. Hiyo Kenya mnayotupeleka mimi sijawahi kuiona."

Geresom alisema hakujua. Lakini alijua. Alikuwapo kwenye mazishi ya mzee yule, alibeba jeneza upande wa kulia.

"Ungemwambia," Orpah alisema. "Siku tatu mlikuwa nazo. Kama mlitaka avuke, kwa nini hamkumwambia avuke?"

Geresom alitazama mlima. Akasema tu kwamba kama Nicanor angetoroka, kapteni angehitaji mtu mwingine.

Orpah alikuwa na ombi moja la mwisho. Alijua sasa kwamba hakuna karatasi wala askofu atakayemtoa mume wake. Alitaka Geresom aandike, kwa mwandiko wake ambao Nicanor anaufahamu, maneno machache tu: kwamba jina lake lilitolewa na majirani, si na mke wake. Kwamba mke alidanganywa na kapteni pale kwenye mawe. Popote alipo, askari mwenye huruma aweza kumfikishia. Asife akiamini vile.

Geresom alichukua karatasi. Alifungua kalamu. Aliandika "Ndugu yangu Nicanor," akaishia hapo. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Siwezi, shemeji," alisema. "Hii ikishikwa ina mwandiko yangu."

*

Orpah alirudi Walukuba asubuhi ya pili, kama saa nne. Aliteremka barabarani, akaingia kati ya safu za nyumba, na mahali pote palikuwa kimya. Mapazia yalikuwa yameteremshwa. Alipita namba thelathini na tisa akasikia mtu akikoroma. Alipita arobaini na mbili, wanakoroma wawili. Katika dirisha la Nangobi blanketi lilikuwa limetundikwa vizuri, kama alivyokuwa akitundika yeye. Walikuwa wamelala. Wote walikuwa wamelala, usingizi mzuri wa watu waliochoka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Jumatano Orpah hakuhisi uchungu wala woga. Alihisi hasira, safi, imemjaa hadi vidoleni.

Alichukua nyundo yake iliyobaki nyumbani, akaenda uwanjani, akaburuta mawe matatu makubwa hadi mbele ya mlango wa arobaini na saba. Aliketi chini, akanyoosha miguu, akaweka jiwe la kwanza katika duara la mpira. Akapiga.

Nyundo moja peke yake, penye kimya kile, ilisikika hadi mwisho wa safu. Alipiga bila haraka na bila kupumzika. Mlango wa kwanza ulifunguka, ukafungwa. Wa pili ukafunguka. Baada ya muda wanaume saba walikuwa wamesimama na mashuka kiunoni, macho mekundu, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Nangobi alitoka akiwa amemshika Oliver mkono, akamtazama Orpah usoni, akamwachia mtoto bila kuambiwa.

Hatimaye mume wa Nangobi alijikaza. Alisogea hatua mbili, akakohoa, akasema kwa sauti ya kubembeleza.

"Mama Oliver, pole. Lakini hii si saa ya nyundo. Sheria nasema mpaka saa kumi jioni. Watu nalala."

Orpah alisimamisha mkono juu, akawatazama mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, kuzunguka.

"Basi andikeni barua," alisema. "Jina la kuweka mnalo."

Akaishusha nyundo.